Kuchangia farasi: ugawe kwa saba au kwa tano?

Mtu ana farasi Usa River, nje ya mji wa Arusha, na muda hana. Mwingine anakaa Njiro, mjini, kupanda farasi anajua na anapenda, ila hana banda, hana malisho, wala hana hamu ya kuamshwa saa nane za usiku kwa sababu farasi anajigaragaza na msokoto wa tumbo. Wanapatana: mwenye farasi atapanda siku tatu kwa wiki, mwenzake siku mbili, gharama watachangia. Mpaka hapo kila mmoja anacheka. Maneno yanaanza mwenzake anapouliza, "Sasa nikupe shilingi ngapi?"

Wengi hujibu "nusu kwa nusu", au wanauliza jirani anatoza ngapi. Nusu kwa nusu haina haki kwa sababu hakuna kinachogawanywa nusu. Mmoja ndiye mwenye mali: anachagua daktari, anachagua banda, na akitaka anamuuza wiki ijayo. Mwingine ana siku zake mbili tu. Bei ya jirani nayo inadanganya. Farasi wake huenda anashinda kwenye nyasi za bure kule Momella, wako analishwa hei (majani yaliyokaushwa) ya kununua mwaka mzima.

Kabla ya hesabu yoyote, toeni mezani bei aliyonunuliwa farasi. Haiingii. Siku akiuzwa, pesa yote ni ya mwenyewe, kwa hiyo mshirika hana sababu ya kulipia mtaji ambao hatauona ukirudi. Kinachochangiwa ni matunzo, na matunzo yana mafungu matatu ambayo hayagawanywi kwa kisu kimoja.

Fungu la kwanza ni gharama za kukaa, yaani zile zinazotoka hata farasi asipopandwa mwezi mzima: chakula cha msingi, mshahara wa mtunzaji (kwenye baadhi ya mashamba bado utasikia akiitwa saisi), pango la banda, maji, maranda ya kulalia, chanjo, meno, dawa ya minyoo. La pili ni gharama za kazi, zinazoletwa na kupandwa. La tatu ni balaa, na hilo tutalifikia.

Fundi kwato ndiye anayewachanganya watu zaidi, kwa sababu bili yake moja ina mafungu mawili ndani. Kwato hukua farasi apandwe asipandwe, kwa hiyo kuzichonga kila wiki 6 hadi 8 ni gharama ya kukaa. Viatu vya chuma ni jambo jingine. Farasi wa malishoni mara nyingi anaishi vizuri bila viatu. Anayebeba mtu juu ya kokoto za njia za mashamba ndiye anayevihitaji, aghalabu miguu ya mbele tu. Kwa hiyo mwombe fundi aandike risiti mbili, ya kuchonga na ya viatu.

Chakula kinaanza na uzito wa farasi, na mizani ya kupimia farasi ni adimu. Futi ya fundi nguo inatosha. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, usome mzunguko kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha jibu kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 178 na urefu wa 158 anakuja kilo 421. Ni makadirio, lakini yanatosha kwa kazi hii. Farasi hula chakula kikavu karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo huyu anataka kilo 8 na kitu. Tuseme anapata kilo 6 za hei, kilo 2 za pumba na mahindi, na kidogo anachochuma mwenyewe nje.

Hei mkoani Arusha na Kilimanjaro huuzwa kwa robota. Kila mashine inafunga kivyake, kwa hiyo robota la muuzaji huyu si robota la yule. Ning'iniza matano kwenye mizani, tafuta wastani. Halafu msichukue bei ya Julai mkadhani ndiyo bei ya mwaka. Baada ya masika hei ni nyingi. Ikifika Septemba na Oktoba, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro, wanaofungia mifugo ndani, wanaitafuta hei hiyo hiyo, na bei inapanda. Kokotoeni kwa wastani wa miezi 12, la sivyo anayeingia Julai atapendelewa na anayeingia Oktoba ataonewa.

Sasa mfano. Bei hizi ni za kuonyesha njia tu, weka zako. Hei marobota 12 ya kilo 15 kwa mwezi, kila moja 7,000, ni 84,000. Pumba na mahindi kilo 60 kwa 900 ni 54,000. Chumvi na chokaa ya mifugo 6,000. Mtunzaji analipwa 300,000, ongeza asilimia 10 ya mwajiri inayokwenda NSSF, jumla 330,000. Anatunza farasi watatu, kwa hiyo fungu la huyu ni 110,000. Maranda 16,000. Pango na maji 45,000. Chanjo, meno na minyoo ni 360,000 kwa mwaka, sawa na 30,000 kwa mwezi. Kuchonga kwato mara 9 kwa mwaka kwa 20,000 kunaleta 15,000 kwa mwezi. Jumla ya gharama za kukaa: 360,000.

Gharama za kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Viatu vya mbele, 40,000 mara 9 kwa mwaka, ni 30,000 kwa mwezi. Nyongeza ya chakula siku za kazi, 20,000. Mishipi, hatamu na matengenezo ya tandiko, 10,000. Jumla 60,000. Hizi zigawe kwa siku za kupanda tu, bila ubishi: mshirika ana siku 2 kati ya 5, analipa 24,000.

Ubishi uko kwenye zile 360,000. Ukigawa kwa siku 7 za wiki, mshirika wa siku mbili analipa karibu 103,000. Ukigawa kwa siku 5 anazofanya kazi farasi, analipa 144,000. Ongeza zile 24,000 za kazi: 127,000 upande mmoja, 168,000 upande wa pili. Hizo 41,000 katikati ndizo zinazovunja urafiki, na chanzo chake ni swali moja ambalo hakuna anayelitamka: siku mbili za mapumziko ni za nani?

Mwenye farasi atasema ni za wote, maana farasi anapumzika baada ya kuwabeba wote. Hoja hiyo ina uzito. Lakini angalia upande wa pili: mshirika asingekuwepo, farasi angepandwa siku tatu na kupumzika nne. Chakula cha mapumziko kingelipwa na mwenyewe bila kumlilia mtu. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: msingi ni saba. Kinachoweza kuwasogeza kuelekea tano ni mamlaka, wala si huruma. Mshirika anayepewa siku zisizobadilika, asiyeulizwa jambo lolote, alipe kwa saba. Yule anayeweza kubadilishana siku, anayebaki na farasi mwenyewe akisafiri, na ambaye neno lake linasikilizwa kabla farasi hajahamishwa banda, anakaribia kuwa mbia. Huyo kumtoza kwa tano si dhuluma.

Na siku zenyewe hazina thamani sawa. Hapa Arusha kuna sababu mahususi ya hilo, nayo ni usubi.

Usubi wa jenasi ya Culicoides ndio unaoeneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika, vyenye aina 9. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuonekana wagonjwa, nao hapa si wageni. Farasi asiyechanjwa akiambukizwa, mara nyingi hafiki mbali: homa, kuvimba juu ya macho, pumzi inabana, povu puani, na kufa pengine siku ile ile. Chanjo inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, huja katika chupa mbili zinazodungwa kwa kupishana wiki 3 au zaidi, na hata aliyechanjwa anahitaji kukingwa. Usubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Ndiyo maana mwenye farasi makini anamwingiza mnyama bandani kabla jua halijazama na hamtoi mpaka limechomoza vizuri.

Sasa mweke mshirika mwenye kazi ya ofisini mjini. Anatoka saa 11 jioni. Usa River iko zaidi ya kilomita 20, na foleni ya Tengeru inajulikana. Akifika ni saa 12 kasoro. Kupiga burashi, kuchokonoa kwato, kutandika: dakika 20. Anapanda saa 12 na dakika chache, jua linazama saa 12 na nusu hivi, na farasi anatakiwa ndani. Jumanne yake ina dakika 15 za kupanda. Jumamosi asubuhi ana saa moja na nusu na njia nzima ya mashambani. Kumtoza siku hizo mbili bei moja ni kumwibia kwa hesabu.

Dawa yake ni pointi. Ipe kila siku ya Jumatatu hadi Ijumaa pointi 1, Jumamosi na Jumapili pointi 2 kila moja. Wiki ina pointi 9, na 360,000 ukigawa kwa 9 kila pointi ni 40,000 kwa mwezi. Anayechukua Jumanne na Alhamisi analipa 80,000 na zile 24,000 za kazi, jumla 104,000. Jumanne na Jumamosi: 144,000. Anayetaka Jumamosi na Jumapili zote mbili analipa 184,000, na asilalamike kuwa amevuka hata ile hesabu ya kugawa kwa tano, maana mwenye farasi amebakiwa na siku za kushindana na jua. Mtu mwenye kazi ya zamu, anayeweza kuja saa 2 asubuhi katikati ya wiki, ndiye anayefaidi mpango huu kuliko wote.

Jasho la mshirika je, lipunguze bei? Lipunguze pale tu linapookoa pesa ya mtu. Mtunzaji ameshalipwa mwezi mzima. Mshirika akizoa samadi Jumamosi anasaidia, lakini mshahara haujapungua hata senti. Jumapili mtunzaji anapokwenda kanisani na kibarua angelipwa 10,000, mshirika akishika kazi hiyo mara mbili kwa mwezi apunguziwe 20,000. Kusafisha tandiko alilolitumia si kazi ya kupunguziwa. Huo ni ustaarabu.

Uzito wa mpandaji nao uulizwe mapema, bila aibu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mzigo wote, mtu pamoja na tandiko, usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa huyu wa kilo 421 ni kilo 84. Tandiko likiwa na kilo 8 au 9, mtu anabakiwa na 75. Mwenye kilo 90 hawezi kununua ruhusa kwa kuongeza bei. Mgongo wa farasi haupokei pesa. Na anayejifunza asichanganye ada ya mafunzo na mchango wa farasi. Hizo ni bei mbili, hata kama mfundishaji ni mwenye farasi mwenyewe.

Kuna wanaopendekeza kulipa kwa chakula: "Mimi nitaleta hei na pumba." Kwa mtu wa Moshi mwenye ndugu kwenye mashamba ya miwa ya TPC au ya mpunga ya Chekereni inavutia, maana molasi na majani ya mpunga viko karibu. Hapa ndipo farasi hufa kwa nia njema. Mshirika aliyezoea ng'ombe analeta vitu ambavyo ng'ombe anavila vizuri. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoozesha ubongo wa farasi; ng'ombe anaivumilia zaidi. Chakula cha kuku wa nyama huweza kuwa na dawa ya koksidia (ugonjwa wa kuku) kama monensini, na kiasi kidogo chake kinaua moyo wa farasi. Lusina, mti unaopendwa na wafugaji wa maziwa, una sumu iitwayo mimosini inayomfanya farasi apukutike singa na mkia. Majani ya mpunga ni magumu na lishe yake ni duni, yasiwe ndiyo mlo. Hata pumba nzuri zikizidi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mwili unaanza kuchota kalsiamu mifupani, taya na uso vinavimba. Ndiyo kazi ya ile chokaa ya mifugo kwenye bajeti. Hei nayo ipimwe kwa mkono: vunja robota katikati, ingiza vidole ndani. Ukikuta joto, au vumbi jeupe linapanda na harufu ya chumba kilichofungwa, ilifungwa ikiwa mbichi. Irudishwe. Kwa sababu hizi, pesa taslimu ni bora, na manunuzi yabaki mikononi mwa mtu mmoja.

Twende kwenye balaa. Ugonjwa ni wa mwenye farasi. Ndiye aliyechagua chanjo, chakula na banda, na ndiye mwenye mnyama akipona. Uzembe wa mshirika ni wa mshirika. Tatizo ni kwamba kila mtu huona uzembe wa mwenzake tu, kwa hiyo orodhesheni mifano kabla ya siku ya kwanza: kumpanda kwa tandiko lisilomkaa mpaka akachubuka, kumwendesha shoti kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, kuacha mlango wa stoo wazi farasi akala debe la pumba, kumpaka dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi, ambayo kwa farasi husimamisha utumbo. Kuna pia ajali zisizo na mwenyewe, kama jiwe kuingia kwatoni. Hizo changieni kwa uwiano wa siku mpaka kiwango mtakachotaja, tuseme bili ya 60,000. Inayozidi hapo aibebe mwenye mali.

Farasi akichechemea, mshirika aendelee kulipa? Siku 14 za mwanzo alipe gharama za kukaa bila zile za kazi. Farasi bado anakula, na ushirika si tiketi ya basi. Baada ya hapo alipe nusu. Ukipita mwezi mzima malipo yasimame, na kila mmoja awe huru kujitoa. Kanuni hiyo hiyo ishike masika. Aprili udongo mweusi wa mfinyanzi upande wa Kisongo na tambarare za chini ya Moshi hunata mpaka unang'oa viatu, na wiki nzima inaweza kupita bila mtu kupanda. Msirudishiane pesa za kukaa kwa sababu ya mvua, ila msitozane za kazi. Wakati mzuri wa kumvua farasi viatu na kumpumzisha ndio huo. Na mapumziko baada ya chanjo, ambapo farasi hapewi kazi nzito, yawekwe kwenye kalenda ya wote wawili ili asionewe mmoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti zote zipigwe picha na kutumwa WhatsApp siku hiyo hiyo, malipo yapite kwa simu tarehe 1 kabla ya mwezi kuanza kutumika, na bei iangaliwe upya mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, lakini siku ya kesi kila mdomo hukumbuka lake, kwa hiyo andikeni ukurasa mmoja wenye saini na mashahidi. Mwenye farasi ajue pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamdai matunzo ya mnyama. "Mshirika hajalipa" si sababu ya farasi kulala njaa. Na michango ikianza kuzidi matumizi halisi, hapo hamchangii tena. Unakodisha, na kukodisha ni biashara yenye leseni na kodi yake.

Kujitoa kuwe kwa taarifa ya siku 30. Kwa kawaida kinachobaki kugombaniwa ni viatu. Mfano: farasi alivalishwa viatu vya 40,000 vya kukaa wiki 6, mshirika anaondoka wiki ya tatu. Fungu lake la mbili ya tano lilikuwa 16,000, ametumia nusu. Kama alilipa lote siku ya kuvalishwa, arudishiwe 8,000 pamoja na blanketi lake la tandiko. Kama alikuwa analipa kwa mwezi kama tulivyokokotoa hapa, hadai wala hadaiwi.